SOMO LA BIASHARA: BEYI BILA JINA LA MAHALI SI BEYI



Katika namba hii tutajifunza maneno ya biashara kati ya inchi na inchi, na sheria za kusafirisha mali kwa meli, kwa gari-moshi na kwa mto. Wale wa seksio ya biashara watasema: "Tulikwisha kusoma hii kwa Kifaransa." Ni kweli, lakini wengi walishika herufi tu, maana yake haikuingia. Na ninyi wa seksio zingine, musiruke ukurasa huu. Kesho mmoja wenu atakuwa ekonoma wa shule, mwingine atasimamia dawa za hospitali, mwingine atauzisha kahawa ya baba yake. Siku hiyo karatasi yenye herufi hizi itafika mbele yako, nao watakuambia: "Tia sahihi hapa."

1. KWA NINI WACHUUZI WALITAFUTA MANENO YA NAMNA MOJA

Tuanze na neno la kwetu. Hapa Kisangani mtu akisema "nataka kuuza mabati", maana yake atatoa makuta apate mabati. Kama mabati ni yake naye anataka makuta, atasema "kuuzisha". Lakini kule Mombasa na Dar es Salaam, "kuuza" ni kutoa mali na kupokea makuta. Basi mchuuzi wa hapa akiandika Mombasa: "Nataka kuuza mabati 500", mtu wa kule atajibu: "Asante, sisi tuko nayo ya kutosha." Neno ni lile lile, herufi ni zile zile, na biashara imekufa. (Katika somo hili tutasema "kununua" na "kuuzisha", ili hata msomaji wa pwani asipotee.)

Shida ya namna hii ilikuwa katika bandari zote za dunia. Tangu karne ya 19 wachuuzi waliandika FOB na CIF katika barua zao, lakini kila bandari ilizifasiria kwa desturi yake. Huku walisema FOB inamaliza kazi ya muuzishaji kando ya meli, kule walisema ni ndani ya meli. Kukiharibika kitu, kila mmoja alimwonyesha mwenzake kidole.

Chama cha Biashara cha Kimataifa kilianzishwa mwaka 1919, na makao yake yako Paris. Mwaka 1936 kilitoa kitabu cha kwanza cha maneno haya pamoja na maana yake. Kitabu hiki kinaitwa Inkotemu. Kilitengenezwa upya mara nyingi: 1953, 1967, 1976, 1980, 1990, 2000, 2010. Kile cha sasa ni cha 2020, nacho kina maneno 11.

Angalieni jambo moja. Inkotemu si sheria ya serikali. Ina nguvu kwa sababu watu wawili wameiandika katika mapatano yao. Kwa hiyo shurti waandike vitu vitatu pamoja: herufi, jina la mahali, na mwaka. Mfano: "FOB Matadi, Inkotemu 2020." Mwaka una maana. Kwa mfano, zamani katika FOB hasara ilihama wakati mali ilipopita juu ya ukingo wa meli. Tangu kitabu cha 2010 inahama wakati mali imekwisha kuwekwa ndani ya meli.

2. MAULIZO MATATU

Kila neno la Inkotemu linajibu maulizo matatu:

(a) Nani analipa safari, na mpaka wapi?
(b) Mali ikipotea ao ikiharibika njiani, hasara ni ya nani, na tangu mahali gani?
(c) Nani anafanya karatasi za duane, wakati wa kutoka na wakati wa kuingia?

Wengi wanafikiri ulizo (a) na ulizo (b) ni kitu kimoja. Sivyo! Mtu anaweza kulipa safari mpaka mwisho, na hasara ya njiani ikawa ya mwenzake. Hapo ndipo watu wengi wanaangukia.

Kuna mambo ambayo Inkotemu haijibu hata kidogo. Haisemi mali inakuwa yako siku gani kwa haki. Haisemi utalipa namna gani, kwa benki ao kwa mkono. Hayo yaandikwe peke yake.

3. NJIA YA MALI MPAKA KISANGANI

Kabla ya kusoma herufi, tutazame njia yetu wenyewe, kwa maana mji wetu ni somo tosha.

Meli kubwa inaacha bahari na kupanda mto mpaka Matadi. Hapo maporomoko yanaizuia. Mali inashushwa na kupandishwa gari-moshi (ao motokari) mpaka Kinshasa. Reli hiyo ina kilomita 366, nayo ilimalizika mwaka 1898. Kinshasa mali inashushwa tena, inaingia katika barji ao masuwa ya mbao, na kupanda mto kilomita karibu 1.700: Mbandaka, Lisala, Bumba, Basoko, Isangi, mpaka huku kwetu. Hapa maporomoko saba ya Boyoma yanafunga mto tena. Ndiyo maana reli ya Kisangani–Ubundu, kilomita 125, ilijengwa na kufunguliwa mwaka 1906, ili mali izunguke maporomoko na kuendelea upande wa Kindu.

Hesabuni mara ngapi sanduku moja linabebwa na kuwekwa chini: Matadi mara moja, Kinshasa mara moja, Kisangani mara moja, na kama linaenda Ubundu ni kuongeza tena. Kila mara linapobadilisha chombo, linabadilisha mchungaji. Kila mchungaji mpya anaandika karatasi yake, anadai malipo yake, na ni nafasi mpya ya kuvunjika, ya kulowana ao ya kuibwa.

Njia ya pili ni ya mashariki: Mombasa, Nairobi, Kampala, mpaka wa Kasindi, Beni, Komanda, Mambasa, Niania, Bafwasende, Kisangani. Ni zaidi ya kilomita 2.000 za barabara. Katika Kenya na Uganda mali yetu inapita "transiti": haitozwi kodi ya kuingia katika inchi hizo, lakini inafungwa kwa lakiri na kuwekewa dhamana, ili isiuzishwe njiani. Mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo maneno haya tutayasikia zaidi na zaidi.

4. HERUFI NA MAANA YAKE

Maneno 11 yanagawanywa katika jamaa nne, kwa herufi ya kwanza.

JAMAA YA E. EXW: mali iko tayari mlangoni kwa muuzishaji. Mnunuzi anaipakia, anafanya karatasi za kutoka, anabeba kila kitu. Ni beyi ndogo kwa macho, lakini kazi yote ni yako.

JAMAA YA F: muuzishaji hajalipa safari kubwa. FCA: anatoa mali kwa msafirishaji aliyechaguliwa na mnunuzi, mahali palipotajwa. FAS: anaiweka kando ya meli. FOB: anaiweka ndani ya meli.

JAMAA YA C: muuzishaji analipa safari kubwa, lakini hasara inahama mapema, kule alikotoka! CFR: analipa meli mpaka bandari ya kufikia. CIF: analipa meli na bima. CPT: analipa safari ya namna yoyote mpaka mahali palipotajwa. CIP: analipa safari hiyo pamoja na bima.

JAMAA YA D: muuzishaji anabeba gharama na hasara mpaka kufika. DAP: mali imefika, bado kushushwa. DPU: imefika na imeshushwa. DDP: imefika, hata kodi ya duane ya kuingia amekwisha kulipa yeye.

FAS, FOB, CFR na CIF ni za bahari na mito tu. Yale mengine saba ni ya safari yoyote, hata kama sanduku linapanda meli, halafu gari-moshi, halafu barji. Kwa hiyo mtu wa ng'ambo akikuandikia "CIF Kisangani", simama kwanza. Mali yake itapita katika reli ya Matadi. Neno linalofaa ni CIP Kisangani. Tena mali iliyo ndani ya kontena haifai FOB, kwa sababu muuzishaji anaacha kontena katika kiwanja cha bandari siku nyingi mbele ya meli kupakia. Afadhali FCA.

5. HESABU YA DARASANI

Tuseme shule inaagiza mashini 40 za kushona kutoka Antwerpen. Muuzishaji anaandika: "Dola 200 kwa mashini, FOB Antwerpen." Wazazi wanasikia dola 200 na kushangilia. Tufanye hesabu. (Namba hizi ni za mazoezi tu, beyi ya soko inabadilika.)

Mashini 40 × 200, FOB Antwerpen: 8.000
Meli mpaka Matadi: 1.100
Bima: 100
Jumla, CIF Matadi: 9.200

Kodi ya kuingia, tuseme 10% ya CIF: 920
TVA 16% juu ya 10.120 (9.200 + 920): 1.619,20
Bandari ya Matadi: 300
Gari-moshi mpaka Kinshasa: 450
Bandari ya Kinshasa: 200
Barji mpaka Kisangani: 600
JUMLA KISANGANI: 13.289,20

Gawanyeni kwa 40: kila mashini ni dola 332,23. Dola 200 haikuwa uongo. Ilikuwa beyi ya Antwerpen. Tazameni pia kwamba duane inahesabu juu ya CIF, si juu ya FOB. Kwa hiyo kodi unalipa hata juu ya meli na bima.

6. HASARA INAHAMA WAPI?

Sasa tutazame mashini zile zile katika matukio matatu.

Tukio la kwanza: sanduku linaanguka bandarini Antwerpen mbele ya kuingia katika meli. Kwa FOB na kwa CIF, hasara ni ya muuzishaji. Kwa EXW, ni ya shule.

Tukio la pili: katika safari ya bahari, watu wanafungua masanduku na kuiba mashini sita. Kwa FOB, hasara ni ya shule. Kwa CIF je? Wengi watajibu: "Ya muuzishaji, kwa sababu alilipa safari na bima." Hapana! Ni ya shule vilevile. Muuzishaji alinunua karatasi ya bima, na karatasi hiyo sasa ndiyo tumaini lako. Basi isome. Katika CIF ya 2020, kama hamkupatana namna nyingine, muuzishaji analazimishwa kuweka bima ndogo tu, ile inayoitwa Klozi C, kwa 110% ya beyi ya mapatano. Bima hiyo inalipa mambo makubwa kama moto, meli kuzama, meli kukwama ao kugongana. Wizi haimo. Shule imepoteza mashini sita na bima haitoi hata dola moja. Katika CIP ya 2020 muuzishaji shurti aweke bima kubwa, Klozi A, ambayo wizi umo. Lakini hata katika Klozi A vita haimo, inaombwa peke yake.

Tukio la tatu: barji inakwama juu ya mchanga kati ya Lisala na Bumba, maji yanaingia, mashini zinapata kutu. Kwa CIF Matadi, hasara ni ya shule, na bima ya mapatano hayo ilikwisha huko Matadi. Kwa CPT Kisangani, hasara ni ya shule, hata kama muuzishaji ndiye aliyelipa barji! Kwa CIP Kisangani, ni ya shule, lakini bima inafika mpaka Kisangani. Kwa DAP Kisangani, ni ya muuzishaji.

Mumeona? Jina "Kisangani" limeandikwa mara tatu, na majibu ni matatu. Kwa hiyo jina la mahali bila herufi halitoshi, na herufi bila jina la mahali haitoshi.

7. KARATASI INAYOITWA "CONNAISSEMENT"

Karatasi hii inatolewa na mwenye meli ao mtu wake. Ina kazi tatu. Kwanza ni ushuhuda wa kupokea: "Nimepokea masanduku 10, kwa nje yanaonekana mazima." Pili inaonyesha mapatano ya safari. Tatu ni ufunguo: mwenye kuishika ndiye anayepewa mali bandarini. Anaweza hata kuuzisha mali ikiwa bado katika bahari, kwa kutoa karatasi hiyo. Kwa desturi zinaandikwa asili tatu. Mali ikitolewa kwa moja, zingine mbili zimekufa. Ile ya gari-moshi na ya motokari haina kazi ya tatu. Ni ushuhuda na mapatano, si ufunguo.

Karatasi iliyo "safi" haina neno baya juu ya mali. Kama imeandikwa "masanduku 3 yamevunjika", si safi, na benki inaweza kuikataa. Hapo mukumbuke: katika malipo ya barua ya mkopo, benki inatazama karatasi, haitazami mali. Karatasi zikiwa sawasawa, benki inalipa, hata kama ndani ya sanduku kuna mawe.

Mapatano ya Bruxelles ya tarehe 25 Agosti 1924 yaliweka sheria juu ya safari za bahari. Ukipokea mali na kuona imeharibika, andika neno lako papo hapo. Kama uharibifu hauonekani kwa nje, una siku tatu. Ukinyamaza, inahesabiwa kwamba ulipokea mali sawa na ilivyoandikwa, na ni juu yako kuonyesha kinyume. Haki ya kwenda mbele ya waamuzi inakufa baada ya mwaka mmoja. Desturi hii ni nzuri hata kwa mto na barabara: hesabu kwanza, andika kinachokosekana, ndipo utie sahihi.

8. KAHAWA YETU

Mpaka hapa tulikuwa wanunuzi. Sasa tugeuke, tuwe wauzishaji.

Walimaji wa Isangi na Banalia wanasikia kwa redio beyi ya robusta katika soko la London, wanaona beyi ya mnunuzi aliyekuja kijijini, na kusema: "Huyu ni mwizi!" Labda ni mwizi, labda si mwizi. Bila hesabu huwezi kujua. Beyi ya London ni ya kahawa iliyokwisha kuwekwa ndani ya gala katika bandari za ng'ambo. Beyi ya kijiji ni ya kahawa iliyo chini ya nyumba ya mlimaji. Kati yao kuna magunia, barji, gari-moshi, bandari, kodi, meli, bima, na kilo zinazopunguka kahawa ikikauka.

Mazoezi: kama kahawa inauzishwa dola 2.000 kwa tani FOB Matadi, na gharama kutoka kijiji mpaka ndani ya meli ni dola 600, inabaki 1.400, ni kusema dola 1,40 kwa kilo, mbele ya faida ya mnunuzi. Mlimaji mwenye hesabu hii hapigani kwa kelele. Anauliza: "Beyi yako ni ya wapi? Barji unalipa ngapi? Nionyeshe karatasi." Hapo mnunuzi mwaminifu atajibu bila haya, na yule mwingine atatafuta kijiji kingine.

Chama cha walimaji kikitaka kuuzisha chenyewe, kichague vizuri. Kwa FOB Matadi, gharama na hatari za mto na reli ni zake. Kwa FCA Kisangani, atakayebeba ni mnunuzi tangu hapa, lakini beyi itakuwa ndogo. Hakuna neno lililo zuri kwa kila mtu. Kuna neno ambalo nguvu zako zinaweza kubeba.

9. MAMBO MATANO YA KUSHIKA

1. Usikubali beyi bila herufi, jina la mahali na mwaka.
2. Mwenye kulipa safari si lazima ndiye mwenye kubeba hasara.
3. Soma bima: inaanzia wapi, inaishia wapi, wizi umo?
4. Hesabu mali mbele ya kutia sahihi.
5. Linganisha beyi mbili kisha kuzifikisha mahali pamoja.

10. MAULIZO

1. Muuzishaji wa Mombasa anaandika "CPT Kisangani". Motokari inapinduka karibu na Bafwasende. Hasara ni ya nani? Kwa nini?
2. Mnunuzi anasema: "Nimenunua CIF, basi sina hofu ya wizi." Mjibuni.
3. Ekonoma amepata beyi mbili kwa zile mashini 40: dola 9.200 CIF Matadi, na dola 11.000 CIP Kisangani. Tumieni gharama za fungu la 5, lakini muache kodi ya duane na TVA pembeni, kwa maana katika beyi zote mbili zitalipwa na shule. Beyi gani ni ndogo, na kwa dola ngapi? Je, mungechagua ile ndogo? Toeni sababu.
4. Mwulize mchuuzi mmoja wa soko ao wa bandari: mali yake inabadilisha chombo mara ngapi mbele ya kumfikia? Andika majibu yake.

Majibu yaandikwe kwa karatasi moja tu, na yaletwe kwa mwalimu wa biashara mbele ya Ijumaa. Yale yaliyo mazuri ya ulizo la 4 yatatoka katika namba inayokuja.